Banti, upande wa pili, au juu ya vichwa vyao? Njia tatu za kuukabili mhamo wa walinzi kwenye besiboli

Kila anayetazama besiboli ya Marekani amewahi kuuliza swali hili. Mpigaji wa mkono wa kushoto amesimama tayari, walinzi watatu wamejazana upande wa kulia wa uwanja, na kule besi ya tatu ni kweupe, hakuna mtu. Mpira unakuja, jamaa anazungusha gongo kwa nguvu zake zote, mpira unakwenda moja kwa moja kwa mtu aliyewekwa pale kumsubiri. Auti, ametolewa. Kwa nini asiuguse tu uende kule kusikokuwa na mtu?

Jibu la mkato halipo. Kuna wakati banti, yaani kuugusa mpira kwa gongo lililolala badala ya kulizungusha, ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kufika besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mchezaji huvizunguka ili kupata pointi, na kuna wakati mpigaji anayeipiga anawafanyia wapinzani kile walichokuwa wakikiomba usiku kucha. Hapa nalinganisha njia tatu: kupiga banti kuelekea besi ya tatu, kuupiga mpira kikamilifu lakini kuupeleka upande wa pili, na kuupiga juu upite vichwa vya walinzi. Nimeandika kwa mchezaji au kocha anayetakiwa kuchagua, na pia kwa shabiki anayetaka kubishana kwa hoja.

Tuelewane jambo moja kabla hatujaanza. Banti ninayoizungumzia si ile ya kujitoa mhanga, ambapo mpigaji anakubali auti ili mwenzake asogee besi moja. Hii ni banti ya kutafuta besi kwa ajili yako mwenyewe.

Mhamo wenyewe

Mpigaji wa kushoto mwenye nguvu kwa kawaida huuvuta mpira. Gongo linaukuta mapema, mbele ya mwili, nao unakimbilia upande wa kulia. Akiupiga chini chini, mipira yake mingi hupita njia ile ile, mwaka baada ya mwaka. Basi timu pinzani inamtoa shotistopu, yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, na kumvusha kulia, huku mlinzi wa besi ya pili akirudi nyuma hadi kwenye nyasi za nje. Mlinzi wa besi ya tatu naye husogea kuelekea besi ya pili, na pengo lote linabaki kushoto.

Aliyeupa mhamo umaarufu ni Lou Boudreau, aliyekuwa meneja na shotistopu wa Cleveland kwa wakati mmoja. Tarehe 14 Julai 1946 timu yake ilicheza michezo miwili na Boston Red Sox. Katika wa kwanza, Ted Williams wa Boston, mpigaji wa mkono wa kushoto, alipiga homurani tatu, yaani mapigo yanayomzungusha mpigaji besi zote, kwa kawaida kwa kuvuka ukuta. Katika wa pili, Boudreau akawasogeza karibu watu wake wote upande wa kulia. Miaka 60 baadaye Joe Maddon, meneja wa Tampa Bay, aliutumia dhidi ya David Ortiz, mpigaji wa kushoto wa Boston, halafu takwimu za kompyuta zikaueneza ligi nzima. Kufikia 2022 mhamo ulitumika katika karibu theluthi moja ya zamu zote za kupiga kwenye MLB, ligi kuu ya Marekani. Kwa wapigaji wa kushoto ilikuwa zaidi ya nusu.

Mwaka 2023 MLB ikaubana kwa kanuni. Nitaifikia, kwa sababu inabadilisha hesabu ya banti bila kuimaliza. Kanuni hiyo ni ya ligi, si ya mchezo wenyewe: mashindano ya dunia ya World Baseball Classic ya mwaka huo huo hayakuitumia, na ukicheza nje ya Marekani huenda bado ukakutana na mhamo wa zamani kama ulivyokuwa.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa maswali matano. Unafika besi mara ngapi? Ukifaulu, umepata nini? Ukishindwa, umepoteza nini? Ni kazi kiasi gani kujifunza? Na walinzi watafanya nini zamu yako ijayo?

Swali la pili na la tatu yanataka namba kidogo. Wanatakwimu wa besiboli wamehesabu, kwa michezo ya miaka mingi ya MLB, timu hupata wastani wa pointi ngapi kuanzia hali fulani hadi mwisho wa awamu, yaani zamu ya timu kupiga hadi auti tatu. Besi zikiwa tupu na hakuna auti, ni karibu 0.48. Ukiwa na mtu besi ya kwanza na hakuna auti, inapanda hadi karibu 0.86. Besi tupu na auti moja, inashuka hadi karibu 0.26. Namba hizi hupanda na kushuka kidogo kila msimu, lakini uwiano wake hauchezi sana.

Kwa hiyo banti ya kufungua awamu ikifaulu inaongeza kama 0.38, ikishindwa inakula kama 0.22. Piga hesabu utaona kwamba mpigaji wa kiwango cha kati anahitaji kufaulu kati ya mara 35 na 40 katika kila 100 ili asiingie hasara. Ukiwa na auti mbili mambo ni mengine: kutoka karibu 0.10 kwenda 0.22, ambapo kiwango kinachotakiwa kinafika kama 45. Na hizo zote ni hesabu za mpigaji wa kawaida. Kwa mtu wa homurani 40 kwa msimu, kiwango kinapanda zaidi, kwa sababu kila anapopiga banti anaacha nafasi ya kupiga homurani.

Njia ya kwanza: banti kuelekea besi ya tatu

*Kufika besi.* Hapa banti haina mpinzani, mradi upande uko wazi kweli. Na si banti ile wanayofundishwa watoto. Banti ya kawaida inataka ufundi wa kuuzima mpira, ulale kwenye nyasi kabla mlinzi hajaufikia. Dhidi ya mhamo ni kinyume chake. Mlinzi wa besi ya tatu hayupo, waliobaki karibu ni mrushaji na mdakaji, na mpira ukizimika mapema ndio unaowapa nafasi wao. Unatakiwa kuusukuma: gongo limelala, mikono imelegea kiasi, mwelekeo umewekwa mapema, mpira upite nje ya mkono wa mrushaji na uendelee kubingirika pale ambapo kwa kawaida pangekuwa na mtu. Mrushaji wa mkono wa kulia akishaachia mpira, mwili wake huangukia upande wa besi ya kwanza. Mpaka asimame sawa, ageuke, akimbie, ainame, mpigaji ameshakula sehemu kubwa ya zile mita 27 za kwenda besi ya kwanza. Hata mtu mzito, asiye na mbio za kujivunia, anafika bila kulazimika kujirusha.

Zuri zaidi ni kwamba huhitaji kuficha nia. Banti ya kushtukiza inataka usubiri hadi dakika ya mwisho ndipo ushushe gongo. Hapa kila mtu anaona unachotaka kufanya na bado hakuna wa kuuwahi mpira. Ukipita na kufika nyasi za nje, banti inaweza hata kukupa besi mbili.

*Ukifaulu.* Umepata besi ya kwanza, basi. Hilo ndilo linalowafanya makocha wengi kusita, na si kwa kiburi. Mfikirie Barry Bonds, mpigaji wa homurani wa San Francisco, mwaka 2004. Alipewa boli nne (mirusho minne mibaya, inayompa mpigaji besi ya kwanza bure) mara 232 msimu ule, na 120 kati ya hizo zilikuwa za makusudi: wapinzani walimpeleka besi ya kwanza kwa hiari yao, bila hata kujaribu kumtoa. Mtu ambaye wapinzani wako tayari kumpa besi ya kwanza mkononi, akipiga banti amewapunguzia kazi. Ndiyo maana mrushaji aliyewekewa mhamo nyuma yake hasikitiki sana mpigaji wa homurani akifika besi ya kwanza kwa banti. Uso wake unasema afadhali.

Kukiwa na mtu besi ya pili, faida hupungua tena. Banti nzuri itamfikisha besi ya tatu tu, wakati pigo la kawaida la besi moja mara nyingi humrudisha nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi.

*Ukishindwa.* Auti ni auti, lakini kuna mtego ambao mashabiki huusahau. Banti ikitoka nje ya mstari ni straiki (tatu zinamtoa mpigaji), na ikiwa tayari una straiki mbili, faulo ya banti inakutoa. Kwa maana hiyo una mipira miwili ya kujaribu, kisha dirisha limefungwa. Ukijaribu mara moja ukakosea, unaendelea na zamu ukiwa nyuma kwa straiki moja, na takwimu za mpigaji yeyote zinashuka akiwa nyuma.

*Kujifunza.* Hapa nadhani wengi wetu tunadharau kazi iliyopo. Mpira wa kasi wa MLB huja kwa wastani wa karibu kilomita 150 kwa saa kutoka umbali wa mita 18 na ushei. Mrushaji akihisi banti anautupa juu na ndani, karibu na vidole, na mpira wa juu ukiguswa na gongo lililolala huruka hewani ukamwangukia mdakaji. Anayelipwa kwa homurani hajapiga banti tangu akiwa shule, na kila saa anayoitumia kujifunza banti ni saa aliyoitoa kwenye kazi inayomlisha. Hata hivyo si kazi isiyowezekana. Anthony Rizzo alikuwa mpigaji wa nguvu, mzito kiasi, na aliitumia mara kwa mara kila alipoona upande umeachwa.

*Zamu ijayo.* Hapa ndipo banti ina faida ambayo haionekani kwenye ubao wa matokeo. Timu nyingi enzi za mhamo zilikuwa na utaratibu huu: mlinzi wa besi ya tatu anabaki mahali pake hadi mpigaji afikishe straiki mbili, halafu ndipo anavuka kulia, kwa sababu sasa banti imekuwa hatari kwa mpigaji mwenyewe. Mpigaji aliyewalazimisha kumbakiza hapo ameshapata mipira kadhaa ya kupiga dhidi ya ulinzi wa kawaida bila hata kupiga banti mchezo huo. Sifa tu ya kuweza inatosha.

Lakini si lazima walinzi wahame. Oktoba 1946, kwenye fainali dhidi ya St. Louis Cardinals waliokuwa wamemwekea mhamo, Ted Williams alipiga banti katika mchezo wa tatu pale Fenway Park, Boston, akafika besi. Magazeti yakaifanya kichwa cha habari, kana kwamba dunia imepinduka. Cardinals hawakubabaika. Waliendelea na mpango wao, Williams akamaliza fainali na mapigo 5 katika majaribio 25, Boston wakafungwa katika mchezo wa saba. Huyo ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka ule, na homurani 38. Banti moja haikuwatisha, na sidhani kama walikosea.

Kuna na suala la adabu za mchezo, ambazo hazijaandikwa popote lakini watu wanaziamini kama msahafu. Aprili 2018, Chance Sisco wa Baltimore alipiga banti dhidi ya mhamo katika awamu ya 9, timu yake ikiwa nyuma 7-0 na José Berríos wa Minnesota akiwa ameruhusu pigo moja tu. Wachezaji wa Minnesota walikasirika hadharani. Mimi malalamiko hayo sikuyaelewa na siyaelewi hadi leo: kama mchezo umekwisha kiasi kwamba mpinzani hatakiwi kujitahidi, kwa nini wao bado walikuwa wamemhamishia walinzi?

*Inamfaa nani.* Mwenye mbio za wastani au zaidi, mwenye mikono tulivu, ambaye homurani zake si nyingi kiasi cha kulilia. Na pia mpigaji mkubwa anayewekewa mhamo uliokithiri, ambaye anaweza kuipiga mara chache kwa msimu, kwa wakati aliouchagua yeye.

Njia ya pili: kuupeleka upande wa pili kwa pigo kamili

Ukiisikia mara ya kwanza, njia hii inaonekana kumaliza ubishi wote. Piga kama kawaida, ila elekeza kushoto. Mrushaji analijua hilo pia.

*Kufika besi.* Inategemea mpira unaotupiwa, na timu iliyoweka mhamo haitupi ovyo. Mpango wao unaanza na mrushaji: anautupa ndani, karibu na mwili, ambapo mpigaji wa kushoto karibu analazimika kuuvuta kulia. Kuupeleka mpira wa ndani upande wa pili kunataka uusubiri uingie zaidi, na kwa kasi ile muda wote kutoka mkono wa mrushaji hadi kwako ni kama nusu sekunde kasoro. Wengi wakijaribu huishia kuupiga mpira mwepesi wa juu unaodakwa na mlinzi wa nje bila jasho.

*Ukifaulu.* Hapa inaizidi banti kwa mbali. Mpira unaopenya kushoto ukiwa na nguvu unaweza kuwa besi mbili, na aliyekuwa besi ya pili anarudi nyumbani. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Williams yule yule. Tarehe 13 Septemba 1946 huko Cleveland, mbele ya mhamo wa Boudreau mwenyewe, aliupeleka mpira kushoto kabisa, mahali ambapo karibu hapakuwa na mtu, na akakimbia besi zote nne. Ilikuwa homurani pekee ya kukimbia aliyowahi kupiga maishani mwake kwenye ligi. Boston walishinda 1-0 na wakatwaa ubingwa wa ligi yao siku hiyo. Ukitaka kumshawishi mtu kuhusu njia hii, mpe mchezo huo.

Viwanja navyo vina usemi. David Ortiz alicheza Fenway, ambako ukuta wa kushoto uko karibu na una kimo cha zaidi ya mita 11. Mpira wa juu kuelekea huko, ambao kwingine ungedakwa, pale unagonga ukuta na kurudi uwanjani.

*Ukishindwa.* Auti ya kawaida, bila mtego wa faulo. Gharama kubwa imejificha kwingine: mpigaji akianza kuchelewesha gongo ili apeleke kushoto, anaweza kupoteza ile kasi ya kuvuta iliyomfanya awe tishio. Kuna waliomaliza msimu hawajui tena wao ni wapigaji wa aina gani.

*Kujifunza.* Ni ngumu kuliko zote tatu kwa aliyekomaa, na rahisi kuliko zote kwa aliyelelewa nayo. Luis Arraez alikuwa bingwa wa wastani wa upigaji (mapigo kwa kila jaribio) miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, kila mwaka akiwa na timu tofauti: Minnesota, Miami, San Diego. Anaupeleka mpira popote palipo na nafasi, na ndiyo sababu kumhamia hakuna faida. Lakini Arraez hakuamua akiwa na miaka 28 kuwa hivyo. Na hana homurani nyingi.

*Zamu ijayo.* Hii ndiyo njia inayowarudisha walinzi mahali pao kwa uhakika zaidi, kwa sababu inaingia kwenye takwimu zao. Mipira 20 iliyopigwa kushoto inabadilisha ramani ambayo timu pinzani huichora. Banti tatu zinaweza kupuuzwa.

*Inamfaa nani.* Kijana anayejengwa, mpigaji wa wastani mzuri asiye na nguvu za kupindukia, na yeyote anayecheza mahali ambapo warushaji hawawezi kuuweka mpira ndani kila wanapotaka.

Njia ya tatu: juu ya vichwa vyao

*Kufika besi.* Mara chache zaidi, hilo halina ubishi. Mhamo wa ndani hukamata mipira ya chini. Mpira uliopaa haujali aliyesimama wapi chini yake. Ndiyo hoja iliyotawala MLB hasa baada ya 2015, kamera za Statcast zilipoanza kupima kila mpira unaotoka kwenye gongo kwa kasi na pembe. Wapigaji wakajifunza kuuinua.

*Ukifaulu.* Unapata chote. Joey Gallo, mpigaji wa kushoto wa Texas, mwaka 2017 alipiga homurani 41 na mapigo ya besi moja 32 tu. Wastani wake ulikuwa 0.209, ambao zamani ungemrudisha ligi ya chini, lakini timu ilikuwa na sababu ya kumweka. Mwambie mtu huyo apige banti na unamtaka abadilishe homurani kwa besi moja. Huko Japani, timu ya Hiroshima Carp ilimwekea mpigaji mashuhuri Sadaharu Oh mhamo wake mwaka 1964. Oh hakubadilika. Mwaka ule alipiga homurani 55, na alistaafu akiwa na 868.

*Ukishindwa.* Straiki tatu, mara nyingi. Mwaka 2018 ulikuwa wa kwanza katika historia ya MLB ambapo wapigaji walitolewa kwa straiki mara nyingi kuliko walivyopata mapigo. Auti ya straiki haimsogezi mwenzako hata hatua moja.

*Kujifunza.* Inahitaji nguvu ambazo wengi hatuna, lakini kwa mwenye nazo ni kuendeleza tu kile anachokifanya. Kwa asiye nazo, kuinua mpira ni kuwazoesha walinzi wa nje kudaka.

*Zamu ijayo.* Walinzi watakaa vile vile, au watazidi. Mwaka 2018 Houston walimwekea Gallo walinzi wanne wa nje badala ya watatu.

*Inamfaa nani.* Wale wachache ambao mpira wao unavuka ukuta mara 30 kwa msimu na kuendelea.

Kanuni ya 2023 imebadilisha nini

Kanuni inasema walinzi wanne wa ndani wawe wawili kila upande wa besi ya pili, na wote wanne wawe ndani ya eneo la ndani mpira unaporushwa. Mwaka 2023, wakikiuka, timu iliyokuwa ikipiga ilichagua: boli moja ya bure, au matokeo ya mchezo kama yalivyokuwa. Wastani wa ligi nzima ulipanda kutoka 0.243 hadi 0.248, ongezeko dogo kuliko lilivyotarajiwa na wengi. Kwa watu fulani lilionekana kubwa: Corey Seager wa Texas alitoka 0.245 mwaka 2022 hadi 0.327 mwaka 2023. Usiipe kanuni sifa zote hapo, lakini mipira yake ya chini ilipata mahali pa kupita.

Kwa banti, maana yake ni kwamba sasa daima kuna watu wawili kushoto. Pengo tupu kabisa halipo tena. Kilichobaki ni kina: mlinzi wa besi ya tatu bado anaruhusiwa kurudi nyuma hadi mwisho wa udongo anapomwona mpigaji wa nguvu, na shotistopu anaweza kusimama karibu kabisa na besi ya pili. Hapo banti ya kuzima mpira, ile ya zamani, inarudi kuwa na maana kuliko ile ya kusukuma. Walinzi wa nje nao hawakuguswa na kanuni. Kwenye mazoezi ya kabla ya msimu wa 2023, Boston walimwondoa mlinzi wao wa nje wa kushoto wakamweka kwenye nyasi za karibu za upande wa kulia dhidi ya Gallo. Upande wa kushoto wote ukabaki na mtu mmoja wa nje aliyesogea kutoka katikati.

Uchague ipi, kulingana na hali

Unafungua awamu, besi tupu, timu iko nyuma kwa pointi tatu au nne na mlinzi wa besi ya tatu yuko mbali. Hapa ndipo ningeipa banti nafasi ya kwanza, hata kwa mpigaji mkubwa. Homurani yako italeta pointi moja na bado mtakuwa nyuma. Mnachohitaji ni watu kwenye besi.

Matokeo ni sawa, awamu ya 9, auti mbili, besi tupu. Mwenye nguvu apige juu. Banti itakuacha besi ya kwanza ukihitaji wenzako wafanye makubwa mawili mfululizo. Asiye na nguvu, banti au upande wa pili ni sawa tu, achague anachokimudu.

Mtu yuko besi ya pili na hakuna auti. Upande wa pili unapendeza kwa sababu unaweza kumleta nyumbani. Zaidi ya hapo, mhamo mkali una gharama kukiwa na watu kwenye besi: kwenye fainali ya 2009, Johnny Damon wa Yankees aliiba besi ya pili, akaona besi ya tatu haina mtu kwa sababu walinzi wa Philadelphia walikuwa wamehamia kwa Mark Teixeira, akaendelea kukimbia hadi huko. Timu nyingi zitapunguza mhamo hapo zenyewe, na banti itakosa pengo.

Mtu yuko besi ya tatu, auti mbili, mlinzi amerudi nyuma. Banti ikifaulu ni pointi, na watu wachache wanaitarajia. Iwe kwenye mpira wa kwanza.

Una straiki mbili. Sahau banti.

Wewe ni kocha wa vijana Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Uganda walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, kwa hiyo usiwaone watoto wako kuwa wako mbali na mambo haya. Katika ngazi hii mrushaji hauweki mpira ndani kila anapotaka na kurusha kwenda besi ya kwanza hukosewa mara nyingi, hivyo banti na upande wa pili vyote vina thamani kubwa kuliko vilivyo kwenye MLB. Wafundishe upande wa pili kwanza, kwa kuwa ukubwani ni vigumu kuupata. Banti ya kusukuma iongezwe baadaye, dakika chache mwishoni mwa mazoezi, ukiwa umeweka koni pale mrushaji anapoangukia na mtoto akitakiwa kuupitisha mpira upande wa pili wa koni hiyo.

Na kwa mchezaji mwenyewe, kabla ya kila mrusho tazama miguu ya mlinzi wa besi ya tatu, si mahali alipokuwa mrusho uliopita. Wengine husogea mrushaji anapoanza kuinua mguu.